Kazi ya Siku Mbili

Kwetu Abadan mtu asiyejigamba hutiliwa shaka. Ukimuuliza muuza samaki bei ya zubeidi, atakwambia kwanza kwamba babu yake ndiye aliyeuchimba mto Bahmanshir kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikuwa umeshika sigara. Sasa katika mji wa namna hiyo ukamweka Usta Ghadir, fundi kerezo wa mtaa wa Ahmadabad, mtu ambaye ukimsifia kazi yake anageuka nyuma kutazama kama kuna mwingine anayesifiwa. Mikono ile ilifundishwa katika karakana ya kiwanda cha mafuta, enzi ambazo mwanafunzi alipewa kipande cha chuma na tupa, akaambiwa akifanye mraba kamili, na akikosea kwa unene wa unywele anaanza upya. Anakereza shafti za pampu, pulei, bushi, chochote kile cha duara. Ana miaka hamsini na saba, hana mke, hajawahi kuwa naye, na mtaa mzima umechoka kumtafutia.

"Kaka yetu huyu anangoja malaika amshushie barua," Zayer Naji alikuwa akiwaambia wateja huku anabandua mikate kwenye tanuri lake, mlango wa pili kutoka kwa Ghadir. Zayer ni cheo tunachompa mtu aliyekwenda kuzuru Karbala, ingawa safari yenyewe haikumpunguzia Naji umbea hata chembe. "Na malaika siku hizi hawapiti Ahmadabad. Barabara mbovu."

Ghadir alicheka pamoja nao. Angefanyaje? Ni kweli alikuwa anangoja. Aliyekuwa akimngoja alikuwa na jina, na jina hilo alikuwa hajalitamka mbele ya mtu tangu vita viishe.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja, joto limeshalegea na watu wameanza kukumbuka kwamba wana mashati ya mikono mirefu, pikapu yenye namba za Isfahan ikasimama mbele ya karakana. Nyuma imefungwa pikipiki kwa kamba. Ghadir alikuwa ameinamia kerezo, mgongo mlangoni.

"Salaam aleikum, Usta. Pole na kazi."

Aliijua sauti kabla hajageuka. Akazima mashine. Akafuta mikono, akaifuta tena, na alipokwisha kuifuta mara ya tatu hakuwa na sababu nyingine ya kutogeuka.

"Aleikum salaam, Bi Mahrokh," akasema, kana kwamba walionana juzi. Halafu kwa kuwa ni mtu wa adabu, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimesimama, akaanza kuuliza habari za watu wa nyumba yao mmoja mmoja, baba, mama, kaka, kama mtu anayesoma orodha ukutani.

"Baba alifariki mwaka wa tano wa vita, Mungu amrehemu," Mahrokh akajibu kwa utulivu. "Mama akamfuata. Mume wangu ana miaka sita kaburini. Na Bizhan tumemzika masika haya."

Ghadir akakaa juu ya kreti. Bizhan alikuwa kaka wa huyu mama na rafiki yake yeye, rafiki wa kula sahani moja. Na ile pikipiki juu ya pikapu alikuwa ameshaitambua: BSA ya zamani ya marehemu baba yao, aliyeinunua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, Bizhan na Ghadir wakaiendesha ujana wao wote mpaka mtaa ukaomba amani.

"Mtoto wa Bizhan anaoa Ijumaa ya wiki ijayo," Mahrokh akasema. "Ameshikilia kwamba bibi harusi atachukuliwa kwa pikipiki ya baba yake, hataki gari. Na pikipiki yenyewe giaboksi inalia, gia ya pili inaruka ikijisikia. Mafundi wa Isfahan wanasema bushi zimeliwa zote na hazipatikani popote duniani. Tuitupe. Nikasema namjua mtu."

"Ungepiga simu tu, ningekutumia bushi. Umejisumbua safari yote hii."

Mahrokh akamtazama kupitia miwani yake. "Ningeweza kupiga simu," akasema.

Mwanamume mwenye akili timamu angeelewa hapo hapo. Ghadir alichukua kitambaa akaanza kufuta vumbi kwenye tangi la pikipiki.

"Kazi ya siku ngapi?" Mahrokh akauliza.

"Siku mbili." Ndivyo ilivyokuwa, hakuna fundi angesema vingine. Lakini alipojisikia akitamka hivyo, roho ikampasuka, maana siku mbili ni Jumatano, na Jumatano ni mgongo wa mtu anayeondoka. "Siku mbili nikipata shaba," akaongeza haraka. "Shaba ngumu ya bushi siku hizi ni taabu kweli kweli. Tuseme wiki. Wiki na kitu."

Chini ya meza, miguuni pake, kulikuwa na vipande vya shaba vya kutosha bushi za pikipiki za jeshi zima. Akakisukuma kimoja nyuma kwa kisigino.

Wakapatana dereva arudi Jumatano ya wiki ya pili. Mahrokh akaenda kukaa kwa binamu yake Fakhri, mtaa wa Bawarda. Ghadir akafunga mlango nusu, akaiweka pikipiki juu ya magogo, akamwaga mafuta ya giaboksi kwenye karai, akafungua kava.

Shafti ilikuwa inacheza ndani kama jino la mtoto. Akazitoa gia, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wake, kisha akazing'oa bushi, zile pete za shaba zinazoishika shafti, na kuzipeleka mlangoni kwenye mwanga. Zilikuwa zimelika upande mmoja mpaka tundu limekuwa umbo la yai. Akapitisha kucha kwenye mfereji wa mafuta uliochongwa ndani, na kucha ikaenda mshazari kuelekea kushoto.

Mafundi wote huchonga mfereji ule mshazari kuelekea kulia. Ghadir ni wa mkono wa kushoto. Alizichonga mwenyewe bushi hizi akiwa na miaka ishirini na minne, kazi yake ya kwanza ambayo mwalimu wake wa karakana aliitazama na kuirudisha bila kusema neno, na mwalimu yule asiposema neno ujue umefuzu.

Akakaa nazo mkononi. Miaka thelathini na miwili zimezunguka huko Isfahan. Zimempeleka Mahrokh shuleni alikofundisha, amekaa nyuma ya kaka yake na mkoba magotini. Zimempeleka sokoni, na huenda zilimpeleka kwa kadhi siku ya ndoa yake. Muda wote huo zilikuwa shubiri mbili tu kutoka mguu wake. Ghadir alizionea wivu, kweli kabisa, mtu mzima na mvi zake anazionea wivu bushi, na alipotambua hivyo akacheka peke yake, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, ikabidi aende kunawa uso.

Sasa niwaambie la lori, maana bila hilo mtadhani huyu bwana alikuwa mwoga tu.

Mwaka vita na nchi jirani vilipoanza, miaka thelathini na miwili iliyopita, makombora yalipokuwa yakituangukia asubuhi na jioni, Bizhan alipata lori la kubebea tende. Akapakia wazazi, dada yake, magodoro, na pikipiki juu ya vyote, kwa sababu pikipiki asingeiacha hata angeambiwa achague kati yake na godoro la baba. Lori likapita kwa akina Ghadir. Habari za posa zilikuwa zimeshazungumzwa baina ya wazee, ilibaki kupelekwa tu. Ghadir akatoka mlangoni.

"Panda, Ghadir," Bizhan akaita kutoka juu.

Ghadir akasema, "Hapana, nitawabana bure. Nendeni salama."

Mtu wa kwingine atasema alikataa. Hakukataa. Kwetu ukikaribishwa mara ya kwanza unajivunga, hata kama una njaa ya siku tatu unasema umeshiba. Mara ya pili unajivunga tena, ila kwa sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu ndipo unaposema la moyoni, na lolote utakalosema hapo, ndiyo au hapana, ndilo hilo, hakuna wa kukuuliza tena. Mtoto anayekubali mara ya kwanza anafinywa na mama yake mpaka alie. Ghadir alilelewa vizuri mno. Alitoa hapana yake ya kwanza, akasimama kungoja karibu ya pili.

Kombora likaanguka mwisho wa mtaa. Dereva hakuwa na muda na adabu za mtu, akakanyaga mafuta, na lori likakata kona na karibu ya pili na ya tatu zikiwa bado ndani yake.

Alibaki mjini muda wote tuliozingirwa, akitengeneza pampu za maji. Mwaka wa pili akapata anwani ya Isfahan, akaandika barua. Jibu likaja kwa mwandiko wa Bizhan, salamu nyingi, afya njema, na kwamba Mahrokh ameolewa na mwalimu mwenzake tangu vuli. Ghadir aliisoma barua ile mara moja tu, na mpaka leo anaijua hadi nukta.

Ndiyo maana kazi ya siku mbili ikawa ya siku tisa.

Mahrokh alikuwa akija kila siku baada ya swala ya adhuhuri, na bakuli limefungwa kitambaa. Siku moja mchuzi wa samaki wa ukwaju na majani ya giligilani, siku nyingine sambusa za pilipili kutoka kwa yule mzee wa mtaa wa Lain Yak ambaye hata vita havikumhamisha. Anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, pale watu wote wanapomwona, ili pasiwe na la kusemwa. Wanakunywa chai. Wanazungumza habari za watu: nani alirudi, nani hakurudi, nyumba ya nani imekuwa benki. Mkono wa Mahrokh ulikuwa ule ule, anashika gilasi kwa vidole vitatu, cha mwisho kimesimama.

"Shaba imepatikana?" anauliza.

"Jamaa mmoja ameahidi," anajibu Ghadir.

Uongo mtupu. Bushi alikuwa amezikereza Alhamisi asubuhi, kwa mkono uliotulia kuliko siku zote, akipima kwa maikromita kila mara mbili tatu, akiziacha nene kuliko tundu lake kwa kiasi cha jani la kitabu ili zibane. Akatoboa matundu ya mafuta. Akachonga mifereji mshazari kuelekea kushoto. Kisha akazifunga kwenye kitambaa, akazitia kwenye droo chini ya visu vya kerezo, akajiambia kesho, kesho.

Zayer Naji aliingia kuomba kiberiti, akatazama sakafu.

"Kaka Ghadir."

"Naam."

"Nasikia shaba imekuwa adimu."

"Adimu sana."

"Basi hivi vinavyong'aa chini hapa vitakuwa nywele za malaika." Akaokota kinyweleo cha shaba, akakizungusha kwenye kidole kama pete. "Mimi sisemi kitu. Mimi ni mwoka mikate. Lakini najua unga ukiachwa uumuke kupita kiasi unachachuka, unautupa. Mwambie huyo mama unachotaka."

"Nitamwambia vipi? Nianzie wapi?"

"Anzia mdomoni," akasema Naji. "Wengi huanzia hapo."

Jumatatu ilikuwa siku ya nane, na Mahrokh alikuja mikono mitupu. Akakaa, akakataa chai mara tatu, Ghadir akaelewa kwamba kweli hataki.

"Nataka kukuuliza kitu, Usta. Usikasirike."

"Mimi huwa nakasirika?"

"Siku ya lori." Alikuwa akitazama nje, barabarani. "Baada ya daraja nilimwambia Bizhan turudi. Nilimpiga mgongo kwa ngumi. Akaniambia, Mahrokh, acha, angetaka angepanda. Miaka yote hii nikikumbuka nasikia hilo tu, angetaka angepanda. Na mimi nilikuwa nimesogeza gunia la mchele, Ghadir. Alipokuita tu nilisogeza gunia, nikakuwekea nafasi pembeni yangu. Ilikaa wazi mpaka Isfahan. Mama alitaka kunyoosha mguu hapo nikamkatalia."

Alikuwa amesema Ghadir bila Usta, na wote wawili walilisikia.

Ghadir alitaka kumwambia kwamba alijivunga tu, kwamba hata paka wa mtaani anajua ile hapana ilikuwa ya adabu, kwamba yeye kwa upande wake miaka yote hii alikuwa na kinyongo na Bizhan kwa kutomwita mara ya pili. Kilichotoka kikawa, "Lori lilikuwa limejaa."

"Lilikuwa limejaa," Mahrokh akakubali. Akainuka, akatengeneza mtandio wake, akaaga kwa adabu zote.

Usiku huo Ghadir alizitia bushi kwenye friza, kati ya samaki wawili, maana shaba ikipoa sana husinyaa. Jumanne alfajiri akaibeba kava ya giaboksi, ile ya aluminiamu, akaipeleka kwa Naji.

"Nitilie hii tanurini. Pembeni, si kwenye moto wenyewe. Mpaka tone la maji likiigusa liruke."

"Wateja wakilalamika mkate unanuka grisi nitasema ni mapishi ya Kiingereza," akasema Naji, lakini alikwisha kuipokea.

Ilipokuwa tayari Ghadir akaishika kwa magunia mawili, akakimbia nayo hadi kwenye meza, akaikalisha juu ya ubao, akachukua bushi ya kwanza, baridi inauma vidole. Hapo huna muda wa kuwaza. Unalenga tundu la mafuta lilingane na tundu mwenzake, unaiachia, na ikiwa ulipima sawa inaingia yenyewe, kwa kugongwa kidogo tu na mpini wa nyundo. Iliingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu, ile ya ndani ya gia kubwa, aliibana kwenye jiliwa taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Zilipopoa zikawa zimebanwa barabara, na kama kawaida tundu la ndani likawa limesinyaa, shafti haipiti. Ndipo kazi yenyewe inapoanza. Akachukua rima, ule ufito wa chuma wenye meno wa kupanulia matundu, akautia mafuta, akauzungusha kwa mkono, anasikiliza. Anachomoa, anafuta, anajaribu shafti. Bado. Tena. Bado. Tena. Mpaka shafti ikaingia kwa uzito wake, taratibu, kama inayofikiri, ikakaa bila kucheza huku wala huku.

Rima ilikuwa bado mkononi. Akawaza, nikiipitisha mara moja zaidi, mara moja tu, hakuna atakayejua. Itasikika nzuri siku ya harusi. Mwaka mmoja itaanza kulia tena, na itabidi iletwe, na anayeijua njia ni mmoja. Katika miaka arobaini ya kazi alikuwa hajawahi kuwaza kuharibu kitu cha mtu. Aliona haya mwilini kabisa, masikio yakamwaka moto, akaitundika rima kwenye msumari wake upande wa pili wa karakana, mbali na alipokaa. Jioni giaboksi ilikuwa imefungwa.

Jumatano Mahrokh alikuja mapema, na begi lake. Pikapu ilikuwa njiani. Ghadir akaivuta pikipiki nje, akapiga kiki mara mbili, ya tatu ikaitika, ule mngurumo mzito wa zamani wa kugonga kwenye kifua. Wazee wawili waliokuwa wakicheza bao la nardi mkahawani wakainua vichwa. Akapanda, akaenda mpaka ukingo wa Bahmanshir na kurudi. Gia ya kwanza, ya pili. Ya pili ikakaa. Akaibana kwa makusudi, akapunguza mafuta, akaongeza, na ya pili ikakaa tu, haikuruka, haikulia. Ilikuwa kazi njema, na kila gia iliyoingia ilimuuma, maana ilikuwa inampeleka mtu kwao.

Alipozima injini mbele ya karakana, Mahrokh alikuwa amesimama.

"Imepona," akasema.

"Imepona."

"Bushi ulizimaliza Alhamisi." Alisema bila lawama. "Ijumaa ulipokwenda kusali nilitafuta kijiko kwenye droo. Nilizifunga tena kama zilivyokuwa."

Ghadir akatazama viatu vyake. Kwa hiyo alijua. Alijua, na bado alikuja Jumamosi na Jumapili na Jumatatu, akiuliza kama shaba imepatikana. Mwisho wa mtaa pikapu ilikuwa imeshakata kona, inakuja polepole ikikwepa mashimo. Safari hii hakungoja aitwe na mtu.

"Mahrokh," akasema, bila Bi. "Usiende. Kaa Abadan. Kaa na mimi."

Mahrokh akashusha pumzi. "Nitakusumbua bure, Ghadir. Una maisha yako umeshayazoea."

Hiyo ilikuwa ya kwanza, na Ghadir aliijua kwa sura, kama unavyomjua jirani.

"Sina maisha, nina kerezo," akasema. "Kaa."

"Watu watasema nini? Mama mzima, ana wajukuu."

"Watasema hata ukiondoka. Mji huu hauna kazi nyingine." Akasogea hatua moja. "Nilikutaka nikiwa na miaka ishirini na mitano na nakutaka sasa hivi. Hakuna siku katikati ambayo sikukutaka. Nakuomba, kaa."

Dereva akasimamisha pikapu, akashuka, akawaona walivyosimama, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa kichafu. Mahrokh akavua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa yale yale ya zamani.

"Hapana," akasema.

Akangoja kidogo ili lifike.

"Binti yangu anafanya kazi zamu za usiku, watoto wake wawili mimi ndiye ninayewalaza. Lakini sitakudanganya kwamba ni hilo tu. Wewe unamtaka yule msichana wa juu ya lori. Na mimi nilimtafuta siku tisa hizi, nilikuwa nakaa kwenye kile kiti namtafuta ndani yangu, nikikutazama, simwoni, Ghadir. Nikikaa utakuwa unanitazama mimi huku unamngoja yeye. Siwezi kuishi nangojewa wakati nimeshafika."

Ghadir aliitikia kwa kichwa tu, polepole, kama mtu anayepokea maelekezo ya kazi.

"Sikuja kwa ajili ya bushi," Mahrokh akasema. "Nilitaka nijue siku ile ulitaka kupanda au hukutaka."

"Nilikuwa nimefunga begi," akasema Ghadir. "Lilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nimelifunga tangu juzi yake."

Mahrokh akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake, na mabega yakamtikisika, lakini sauti haikutoka. Kisha akavaa miwani, akamwambia dereva afungue nyuma. Wanaume wawili wakaipandisha pikipiki, Ghadir mwenyewe akafunga kamba, akakagua kila fundo, akatia kitambaa mahali kamba ilipogusa rangi ya tangi. Akamfungulia mlango wa mbele. Hakuna aliyesema karibu tena, wala tutaonana. Pikapu ikaondoka ikikwepa mashimo.

Alirudi ndani akakaa juu ya kreti. Iliuma kuliko siku ya lori, maana siku ya lori alikuwa na mtu wa kumlaumu.

Zayer Naji, aliyekuwa ameegemea mlango wake tangu mwanzo akijifanya anapunga upepo, hakuweza kuvumilia. Akaja na mkate mmoja wa moto mkononi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema hapana."

"Ah, mwanamke yeyote aliyelelewa atasema hapana." Naji alikuwa ameshaanza kufungua aproni yake, anatafuta funguo za pikipiki yake ndogo mfukoni. "Inuka. Pikapu haijafika hata darajani, nitakupeleka. Nyinyi mafundi hamjui kubembeleza. Umemwomba mara ngapi?"

"Tatu," akasema Ghadir.

Mkono wa Naji ukasimama mfukoni. Akauweka mkate juu ya meza ya kerezo, akavuta kile kiti cha plastiki kutoka mlangoni, akakaa karibu na rafiki yake, na wateja wake wakangoja.